Chama cha Gofu cha Prestwick: Tarikhi ya Uwanja wa Pwani na Mafundi Wake

Katika pwani ya magharibi ya Uskoti, mahali ambapo mto Clyde, ukiisha kuupita mji wa Glasgow, hujitanua ukawa ghuba pana yenye visiwa, upo mji mdogo wa Prestwick, na kati ya mji huo na bahari iko ardhi ya mchanga, yenye vilima na vibonde na majani mafupi magumu, ambayo kwa mkulima haina thamani, kwa kuwa jembe halikuti humo udongo wa kushika mbegu, lakini ambayo kwa watu wa mchezo wa gofu ni ardhi yenye taadhima, kwani hapo ndipo, tarehe 17 Oktoba 1860, yalipochezwa kwa mara ya kwanza Mashindano ya Wazi, ambayo hata leo kila mchezaji wa gofu hutamani jina lake liandikwe miongoni mwa washindi wake.

Ardhi ya namna hii haikutengenezwa na mtu. Bahari ilipojivuta nyuma katika dahari zilizopita iliacha fungu juu ya fungu la mchanga. Upepo ukaukusanya mchanga huo ukaufanya vilima. Majani yenye mizizi mirefu yakavishika vilima visihame. Kisha kondoo na sungura, kwa malisho yao ya kila siku, wakayakata majani ya mabondeni mpaka yakawa mafupi na laini. Maji ya mvua hayatuami hapo, huzama upesi, na hata katika miezi ya baridi, wakati mashamba ya bara yamegeuka matope, mpira unaoanguka juu ya mchanga huo hudunda na kukimbia. Watu wa pwani za Uskoti walicheza gofu juu ya ardhi kama hii kwa karne nyingi kabla hapajakuwa na chama chochote, na walioanzisha vyama waliukuta mchezo ukiwa mzima, wakautilia kanuni na daftari.

Chama cha Gofu cha Prestwick kilianzishwa tarehe 2 Julai 1851 katika nyumba ya wageni iitwayo Red Lion, ambamo waungwana wa wilaya ya Ayr, wenye mashamba na wenye vyeo, walikutana wakakubaliana kujiunga, na hesabu ya wanachama wa kwanza ilikuwa 57. Nahodha wao wa kwanza alikuwa Earl wa Eglinton, mkabaila mkubwa aliyependa kila namna ya mashindano, ambaye mwaka 1839 alikuwa ametoa mali nyingi kufufua katika viwanja vya kasri yake mapambano ya farasi na mikuki ya zama za kale. Lakini aliyekuwa roho ya jambo lenyewe alikuwa James Ogilvie Fairlie wa Coodham, mchezaji hodari wa ridhaa, mwenye mazoea makubwa na uwanja wa St Andrews, aliyefahamu kwamba chama kisicho na fundi ni jina tupu. Bahati nayo iliwasaidia: reli ya kutoka Glasgow hadi Ayr ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 1840, ikipita ubavuni mwa uwanja wenyewe, hata ikawa rahisi kwa mtu wa mbali kushuka katika gari moshi na kufika pa kuanzia kwa miguu.

Fundi aliyetakiwa na Fairlie alikuwa Tom Morris, mzaliwa wa St Andrews wa mwaka 1821, na mtu huyu inafaa kumweleza kwa kirefu, kwa sababu tarikhi ya Prestwick bila yeye ingekuwa orodha ya majina ya wakubwa na tarehe za karamu zao. Alijifunza kazi kwa Allan Robertson, mtengenezaji wa mipira na mchezaji aliyehesabiwa bora kuliko wote wa zama zake. Mpira wa wakati huo ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya ya ndege yaliyochemshwa, manyoya ya kujaza kofia ndefu nzima ya kiungwana, na fundi mwepesi hakuweza kushona ila mipira michache kwa siku moja. Kwa hiyo ulikuwa ghali, na ukilowa uliharibika. Mwishoni mwa miaka ya 1840 ukafika mpira mpya wa utomvu wa gutapecha, unaotoka katika miti ya nchi za Malaya, rahisi kwa bei na rahisi kwa kutengeneza, na Robertson akauona kuwa ni adui wa riziki yake. Morris alipoonekana akiuchezea mpira ule, mwalimu na mwanafunzi waligombana, wakaachana. Fairlie akamwita Prestwick katika mwaka ule ule wa 1851, akawa mlinzi wa uwanja, mtengenezaji wa fimbo na mipira, na mwalimu wa waungwana, naye akaja na mkewe na mtoto wao mchanga, aliyepewa jina la baba yake.

Ardhi aliyokabidhiwa ilikuwa ndogo, na vilima vyake vilikuwa vingi. Hakuwa na mashine ya kuhamisha mchanga wala ramani ya mhandisi. Alikuwa na macho yake, koleo lake na miguu yake, naye aliutembea uwanja huo akatafuta mabonde ambamo majani yalikuwa mazuri kwa kawaida yake, akayachimbia mashimo huko, na vilima vilivyokuwa katikati akaviacha vilivyo, ili mchezaji avuke juu yake kwa ustadi au apotee kwa kukosa ustadi. Mashimo yalikuwa 12, kwa jumla ya yadi 3,799, na njia zake zilikatana zikapishana, hata wachezaji waliokuwa wakienda walikutana na waliokuwa wakirudi. Shimo la kwanza peke yake lilikuwa na urefu wa yadi 578, masafa makubwa mno kwa fimbo za mti na mpira wa utomvu.

Jambo moja la mwaka huo haliyafai mapisi haya kulinyamazia. Katika 1851 hiyo hiyo mafundi na watu wa kazi wa mji, ambao wasingepata kiti katika chama cha waungwana, waliunda chama chao, wakakiita Prestwick Mechanics, wakicheza juu ya ardhi ile ile moja. Na Tom Morris alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Chama cha kwanza alikitumikia, cha pili kilikuwa chake. Chama hicho cha mafundi kilikuja kubadili jina kikawa Prestwick St Nicholas, nacho ki hai mpaka leo, na kina uwanja wake chenyewe kando ya bahari hiyo hiyo. Anayeisoma sifa ya chama kikubwa na ayakumbuke haya, kwani kila kitu kilichokipa Prestwick jina duniani kilitendwa kwa mikono ya watu wa tabaka hiyo ya pili.

Mwaka 1857 Prestwick ilitoa shauri kwamba vyama vya gofu vishindane, na mashindano hayo yakachezwa St Andrews, ambapo Royal Blackheath, chama cha karibu na London, kilipata ushindi. Hayo yalikuwa mashindano ya waungwana. Miaka miwili baadaye Allan Robertson alifariki, na kwa kuwa hapakuwa tena na mtu aliyekubaliwa na wote kuwa bingwa, wanachama wa Prestwick walinuia kumtafuta mrithi wake kwa mchezo wa hadhara. Walichanga pauni 25, wakatengenezesha mshipi wa ngozi nyekundu ya Morocco wenye vifungo na mapambo ya fedha, wakaandikia vyama vingine vipeleke makedi, yaani wachukuzi wa fimbo, walio hodari na wenye mwenendo wa heshima. Sharti la mshipi lilikuwa kwamba mshindi ataushika kwa mwaka mmoja, na atakayeshinda mara tatu mfululizo utakuwa milki yake daima. Fedha taslimu hazikutolewa.

Siku ile ya Oktoba walitokea wachezaji 8. Walicheza raundi tatu za mashimo 12 kwa siku moja, kila mmoja akifuatana na mtu wa kuhesabu mikwaju yake, na ilipokwisha raundi ya tatu Willie Park wa Musselburgh alikuwa amepiga mikwaju 174, na Tom Morris, aliyekuwa akicheza juu ya ardhi aliyoitengeneza kwa mkono wake, mikwaju 176. Watu 8, mshipi mmoja, na jioni ya baridi katika mji wa pembeni: hivyo ndivyo ulivyokuwa mwanzo wa jambo ambalo leo huwavuta watazamaji maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata chama kilitangaza kwamba mashindano yako wazi kwa dunia nzima, mchezaji wa kulipwa na mchezaji wa ridhaa sawasawa, na mimi naona kwamba tangazo hilo, zaidi ya mshipi, ndilo hidaya kubwa ya Prestwick kwa mchezo huu, kwa sababu liliwakalisha mchukuzi wa fimbo na bwana wake chini ya hesabu moja. Morris alishinda mwaka huo wa 1861, akashinda tena 1862, 1864 na 1867.

Lakini mtoto mchanga aliyeletwa mwaka 1851 alikuwa amekua. Tom Morris Mdogo alilelewa juu ya uwanja huo, akakijua kila kilima chake kabla ya kujua kitu kingine chochote, na mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 17 tu, akauchukua mshipi. Akauchukua tena 1869. Na mwaka 1870 alianza mashindano kwa kulimaliza shimo lile la yadi 578 kwa mikwaju mitatu, kitendo ambacho waliokiona walikieleza mpaka uzeeni mwao, akamaliza raundi ya kwanza kwa 47, na raundi zote tatu kwa 149, mikwaju 12 mbele ya waliomfuata. Kwa sharti lililowekwa, mshipi ukawa wake. Wenye mashindano wakabaki hawana cha kushindania, na mwaka 1871 hapakuchezwa kitu.

Ndipo Prestwick ikafanya jambo la busara. Haikununua mshipi mwingine ili kuyashika mashindano peke yake, bali ilishirikiana na Royal and Ancient ya St Andrews na Honourable Company ya Edinburgh, kila chama kikatoa pauni 10, likatengenezwa jagi la fedha ambalo halitakuwa milki ya mtu hata akishinda mara ngapi, na ikakubaliwa kwamba mashindano yatazunguka katika viwanja vitatu kwa zamu. Mwaka 1872 yalichezwa Prestwick, na Tom Mdogo akashinda tena, ijapokuwa jagi lenyewe lilikuwa halijawa tayari, akapewa medali badala yake. Jina lake ndilo la kwanza lililochorwa juu ya jagi hilo. Baba yake alikuwa amekwisha kurudi St Andrews tangu 1865, na huko ndiko msiba ulikowakuta. Mwezi wa Septemba 1875, wakati baba na mwana walipokuwa wakicheza North Berwick, ilikuja simu ya maandishi kwamba mke wa Tom Mdogo yu katika uchungu wa kuzaa na hali yake si njema. Walipofika nyumbani mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufa. Yeye mwenyewe alifariki siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, na umri wake ulikuwa miaka 24. Mzee Tom aliishi mpaka 1908.

Prestwick ililindwa baada ya Morris na Andrew Strath, mshindi wa 1865, ambaye hakudumu, alifariki 1868. Kisha na Charlie Hunter, aliyeutunza uwanja huo kwa zaidi ya miaka 50, muda ambao mashindano makubwa mengi yalipita mbele ya macho yake. Katika zama zake ardhi iliongezwa, na kufikia mwaka 1882 mashimo 12 yakawa 18, ila sehemu kadha za kulengea za Tom Morris zilibakizwa mahali pake, na zinachezewa hata sasa. Mwaka 1890 John Ball alishinda hapo, mchezaji wa ridhaa wa kwanza na mtu wa kwanza asiye Mskoti kulitwaa jagi. Mwaka 1908 James Braid alizama katika handaki la mchanga la shimo la tatu, akatumia mikwaju 8 kwa shimo hilo moja, na juu ya hayo akashinda kwa 291, hesabu ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Na mwezi wa Juni 1914, majuma machache kabla ya dunia kuingia vitani, Harry Vardon alimpita J. H. Taylor hapo hapo akapata ushindi wake wa sita, ambao hakuna aliyeufikia tena.

Ya mwaka 1925 yanahuzunisha, na hayana budi kuelezwa. Macdonald Smith, mzaliwa wa Carnoustie aliyehamia Marekani, aliingia raundi ya mwisho akiwa mbele ya wote, akihitaji mikwaju 78 tu ili ashinde, na Waskoti walitaka kwa moyo mmoja mtoto wao alitwae jagi. Gari moshi zilishusha watu wengi mno kutoka Glasgow na vijiji vya jirani, nao wakamfuata yeye peke yake. Na uwanja ule mwembamba, wenye vilima na njia za kubana, haukuwa na mahali pa kuwaweka. Walimzunguka kabla ya kupiga na baada ya kupiga, wakasimama katika njia ya mpira wake, akangoja na kungoja mpaka wafukuzwe, na kila alipongoja mkono wake ulipoteza utulivu. Alimaliza kwa 82. Jim Barnes, ambaye alikuwa amekwisha kumaliza mapema, alishinda kwa jumla ya 300. Kwa hiyo mapenzi ya watu ndiyo yaliyomwangusha waliyempenda, na siku hiyo ilidhihirika kwamba Prestwick haiwezi tena kuubeba umati. Mashindano hayakurudi hapo. Kwa jumla yalikuwa yamechezwa mara 24, na hakuna uwanja uliowahi kuizidi hesabu hiyo ila St Andrews.

Wako wanaohesabu mwaka huo kuwa anguko la Prestwick. Mimi siafikiani nao. Viwanja vilivyoendelea kuyapokea mashindano vimelazimika, kizazi baada ya kizazi, kurefushwa na kugeuzwa, kwa sababu fimbo na mipira ya kisasa imeyafupisha masafa yote. Prestwick, kwa kuachwa, ilisalimika na haja hiyo, na mgeni anayefika leo anacheza juu ya ardhi ambayo Tom Morris angeitambua bila kuonyeshwa.

Mgeni huyo hushuka katika stesheni ya Prestwick Town, na nyumba ya chama, iliyojengwa 1868, iko mbele yake. Karibu nayo umewekwa mnara mdogo wa mawe kuonyesha mahali lilipoanzia shimo la kwanza la mwaka 1860. Wageni hupokewa siku nyingi za juma wakiwa wameomba nafasi mapema, na afanyaye akili humchukua kedi wa mahali, maana uwanja huu haujielezi wenyewe kwa mtu anayeuona mara ya kwanza. Shimo la kwanza la sasa, Railway, lina ukuta wa mawe na reli upande wa kulia kwa urefu wake wote, na mpira wa kwanza wa mtu mwenye hofu huishia huko mara nyingi. La tatu ni Cardinal, lile lililomtesa Braid, ambapo njia inakatwa na handaki kubwa la mchanga ambalo ukuta wake umeshikiliwa na mataruma ya reli, na upande wa kulia kijito cha Pow Burn kinamngoja anayelikimbia handaki. La tano, Himalayas, ni la mkwaju mmoja wa zaidi ya yadi 200 kuvuka kilima kirefu, na mpigaji haoni shimo wala bendera yake. Huamini alama iliyowekwa kilimani, hupiga, hupanda, hutazama. Na la kumi na saba ni Alps, ambalo katika uwanja wa zamani lilikuwa la pili: mkwaju wa kwanza huenda bondeni, wa pili huvuka mlima wa mchanga bila kuona kitu, na chini yake, mbele ya sehemu ya kulengea, liko handaki liitwalo Sahara. Waliomaliza hugonga kengele, ili walio nyuma ya mlima wajue kwamba sasa ni halali kupiga.

Wachezaji wengi wa siku hizi hulaumu mikwaju ya kipofu namna hiyo, wakisema si haki mtu apige asikokuona. Nawaheshimu, lakini nadhani wameisahau pwani. Baharia wa pwani yoyote huingia bandarini usiku kwa kukumbuka na kwa kuamini alama, na aliyeutunga uwanja huu alitaka mchezaji awe na fadhila hizo mbili, kukumbuka na kuamini, pamoja na nguvu za mkono. Upepo nao unafanya kazi yake. Hutoka baharini karibu kila siku, upande wa kisiwa cha Arran, na shimo lililokuwa la mikwaju minne asubuhi laweza kutaka mitano adhuhuri, wakati mpira unaotambaa chini unafika salama na ule uliopanda juu unachukuliwa.

Ndani ya nyumba, chakula cha mchana huliwa kwenye meza moja ndefu, wanachama na wageni wakiwa bega kwa bega, kwa koti na tai, na mgeni aliyekaa hapo atasikia mengi yasiyo katika vitabu. Kutani ziko picha za manahodha tangu Eglinton. Mshipi mwekundu hauko hapo: ulibaki katika nyumba ya Morris mpaka jamaa zake walipoutoa hiba kwa Royal and Ancient mwaka 1908, nao umehifadhiwa St Andrews.

Haya yote tunayajua kwa sababu moja: mtu aliketi jioni ya tarehe 17 Oktoba 1860 akaandika daftarini majina ya wachukuzi wa fimbo na hesabu ya mikwaju yao, ijapokuwa hawakuwa wanachama wala hawakuwa na cheo. Nasi katika pwani yetu tuna viwanja vya umri mkubwa. Kile cha Mombasa, juu ya majabali ya matumbawe yanayotazama bahari ya Hindi, kina chama tangu 1911, na juu ya majani yake wamepita makedi na watunza uwanja wa vizazi vingi ambao hakuna mnara unaotaja majina yao. Basi nawaomba wenye madaraka ya vyama hivyo, katika Mombasa na kwingineko, wawaite wazee waliobaki, wawaulize nani alikata majani, nani alichukua fimbo, nani alifundisha watoto kupiga, na wayaandike majina hayo kamili, pamoja na miaka yao ya kazi, wakati wenye kukumbuka wangali hai.